Alama ya Kufunga

Nianze na swali, maana nikikosa swali nitabaki mzee tu aliyejifungia chumbani akichora vijistari. Kitu kilichofunguliwa kisha kisisomwe na mtu yeyote, kipo au hakipo? Nimelibeba swali hili miaka kumi na moja. Mwanzoni nililiona la kitaaluma, nikalifurahia kama mtu anavyofurahia kukuna kidonda kinachowasha. Halikuwa la kitaaluma hata siku moja.

Mji wetu hauna jina. Ulikuwa nalo, likatunzwa ndani ya faili, faili likapotea, na watu wakaona ni tabu kuanza kubishana upya. Katikati ya mji ipo Masjala, na ndani ya Masjala limo faili la kila aliyezaliwa: siku aliyoingia duniani, aliyemzaa, aliowapenda, na mistari michache aliyojiandikia mwenyewe. Asiye na faili huishi nusunusu. Muuza kahawa humruka akigawa vikombe. Akisema jambo barazani, wenzake hunyamaza kidogo, halafu huendelea na yao. Umri wake nao hautulii, kwa sababu hakuna tarehe inayoushikilia. Asubuhi anaweza kuwa kijana na mchana akawa ajuza, na yeye mwenyewe asishangae.

Chini ya sakafu ya Masjala ipo Mashine inayoyatunza mafaili yote. Mashine haijui maneno, inajua alama, na mimi niliajiriwa kuitungia lugha mpya ya alama. Watu wananiita Fundi. Lugha ya zamani tuliachiwa na hao walioijenga Mashine, wakaondoka bila kuaga, na ilikuwa lugha ya watu wavivu: kila amri ni kijiherufi kimoja, ukikikariri umekikariri, usipokikariri shauri yako. Herufi ya kuongeza ilikaa jirani kabisa na herufi ya kuandika upya. Sasa tazama balaa lake. Ukilifungua faili kwa kuongeza, maneno yako hukaa mwisho, chini ya yale yaliyokuwemo. Ukilifungua kwa kuandika upya, Mashine hulifuta lote kwanza, kimya kimya, ndipo ikuulize ulitaka kuandika nini. Karani mmoja, mtu mwema asiye na makuu, alitaka kuongeza tarehe ya harusi katika faili la bwana mmoja. Kidole kikateleza. Bwana harusi alitoka kwenda kunawa mikono, akarudi ukumbini akakuta wageni wanakula biriani yake na hakuna anayemjua. Bibi harusi alimtazama kwa huruma, akaagiza apewe sahani yake na yeye, akae na wapita njia. Nilikuwepo. Nilikula. Kesho yake nikaenda kuomba kazi hii.

Nilijiwekea sharti moja: alama iwe kitu ambacho jicho linakielewa kabla akili haijaamka. Baraza la Masjala likaniongezea lake: nisichore picha, nitumie vitu vilivyomo tayari kwenye vibonye vya Mashine, yaani mishale, mabano, nukta na vistari. Halafu kuna desturi yetu ya usomaji wa dirishani. Kila alama mpya huchorwa kwa chaki kwenye ubao mdogo, ikaonyeshwa, kwenye kidirisha cha chumba changu cha Masjala, mtu wa kwanza kwenye foleni ya wanaotafuta mafaili, awe msomi au mchota maji. Haulizwi alama ina maana gani. Anaulizwa anaona nini, basi. Jibu lake likiwa mbali na kazi ya alama, alama hutupwa, hata kama Fundi ameitolea jasho mwaka mzima.

Kwa njia hiyo nilimjua Siwatu.

Nilikuwa nimetoa ubao wenye alama ya kufungua faili, hii hapa: [ . Mbele ya foleni alisimama msichana wa miaka kama kumi na sita, mtandio wa kijani, viatu vimekwisha visigino.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Unaona nini?"

Akakaza macho. "Fremu ya mlango, nusu yake. Kuna mtu kaingia, katuachia wazi."

Nikaandika: imepita. Mchana nikarudi na alama ya kusoma, [< , nikamkuta palepale, ila sasa ni bibi wa miaka sabini ameegemea ukuta. Ikabidi shikamoo niitoe mimi. Akaitikia bila wasiwasi, akautazama ubao.

"Kitu kinatoka ndani, kinanijia mimi."

Kwa alama ya kuongeza, [>> , alisema: "Vinaingia, kimoja nyuma ya kingine. Havisukumani." Na kwa ile ya kuandika upya, ambayo nilikuwa nimeiogopa kuliko zote, [>! , aliruka nyuma hatua nzima. "Mtu anaingia kwa nguvu, na aliyekuwemo anapiga yowe!" Nilicheka mpaka chaki ikanidondoka. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo niliyocheka na mtu.

Nikaanza kumtegemea. Nasema ukweli, nikaanza kuchora hata alama zisizohitajika ili nipate sababu ya kufungua kidirisha. Wengine kwenye foleni walihudumiwa, wakapata walichotaka, wakaenda. Yeye hakuondoka. Kila asubuhi mhudumu wa kaunta alimwambia faili analolitaka limefunguliwa na mtu, halijarudi rafuni, asubiri. Naye husogea kando kidogo, kisha hurudi mahali pake pa kwanza. Siku moja, akiwa mwanamke wa rika langu, nikamuuliza ni faili la nani.

"La mama. Mwanatumu binti Sheha." Alilitamka jina lote kwa uangalifu. "Aliniacha kwa bibi nikiwa natambaa, akaenda zake, sijui kwa nini. Bibi naye kafa na siri yake. Kuzaliwa kwangu kumeandikwa humo tu, Fundi, hakuna pengine. Nikilisoma nitajua nina miaka mingapi. Nitafunguliwa faili langu, nitakuwa mtu kama watu." Akatabasamu, halafu tabasamu likamkatikia njiani. "Na nitajua kama aliwahi kunitaja."

Nilisema nina kazi. Nikafunga kidirisha, nikageukia ukuta.

Mwanatumu binti Sheha alikuwa mke wangu. Faili lake ninalo mimi.

Nieleze bila kujipendelea. Kwetu mtu akifariki, mwenzi wake hulifungua faili lake kwa kuongeza, huandika mstari wa mwisho, kisha hulifunga. Likishafungwa, mhudumu hutangaza jina, na kuanzia hapo Masjala humhesabu marehemu. Mimi nililifungua. Niliandika: amefariki leo asubuhi, mvua ikinyesha. Mkono ukaenda kwenye herufi ya kufunga, ukasita, nikajiambia nitafunga kesho. Kesho nikaona ule mstari ni mkavu mno, nikauongezea mwingine. Tangu siku hiyo sijaacha. Kila alasiri, mstari mmoja.

Leo nimekaanga dagaa, nimeunguza.

Leo jirani amehama, ameniachia jogoo wake, jogoo hanipendi.

Leo nimepatwa na homa, imepita yenyewe.

Leo nimeiona kanga kama ile yako ya zambarau, nikaifuata mpaka sokoni, aliyeivaa akageuka akanitukana. Alikuwa na haki.

Leo hakuna.

Leo hakuna.

Sasa lipo jambo la kiufundi, na ndilo linaloniuma. Faili lililofunguliwa kwa kuongeza halisomeki. Unaingiza tu, hakuna kinachotoka. Nimelishika faili la mke wangu miaka kumi na moja na sijasoma hata neno moja aliloliandika yeye. Ili nisome ingebidi kwanza nifunge, halafu nifungue upya kwa kusoma, na baina ya mambo hayo mawili yupo mhudumu anayetangaza jina. Lipo na la pili. Maneno ya faili lililo wazi hayafiki rafuni. Hubaki mkononi mwa mwandishi mpaka alifunge. Kwa hiyo, mistari hiyo yote, dagaa, jogoo, kanga ya zambarau, haijafika popote. Nilidhani nazungumza na Mwanatumu, kumbe sijamwambia chochote. Ninaona aibu kuliandika hili, lakini nimekuwa mpweke kiasi kwamba hata aibu naifurahia, maana inanijia kama mgeni.

Je, nilijua habari za mtoto? Hapa kumbukumbu inanichezea. Tuliishi pamoja miaka tisa, naye hakuwa msemaji. Ipo jioni moja ninayoikumbuka, amesimama nyuma yangu, ameweka mkono begani, anasema jambo refu kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nahangaika na mshale, kama uelekee kushoto au kulia. Nikasema, "Naam, naam." Mkono ukaondoka begani. Labda ndilo alilokuwa ananiambia. Nikilala huota nimegeuka, nikamwambia rudia, Mwanatumu, sikusikia. Lakini katika ndoto anayenigusa bega si yeye, ni mimi mwenyewe nikiwa kijana, na nina haraka.

Baraza lilitaka alama nne za msingi, ya kufungua, ya kusoma, ya kuongeza na ya kufunga. Ile ya yowe niliwapa kama zawadi. Ya kufunga sikuitoa. Nilileta badala yake vitu vya ovyo. Nilileta ~ , Siwatu akasema anaona mtu anayesitasita. Nilileta # , akasema anaona dirisha la nondo na nyuma yake hakuna mtu. Nilileta nukta mbili juu ya kistari, akasema hayo ni mavi ya nzi, samahani Fundi. Kila alama ilipokataliwa nilikunja uso kama aliyeumia, kisha nikarudi ndani nikiwa na amani. Wasipoweza kuisoma haitapita. Isipopita hatutafunga. Miezi tisa niliiendesha hila hiyo, na kila siku ya miezi hiyo tisa yeye alisimama kwa miguu yake nje ya kidirisha changu, mara msichana, mara ajuza, akinisaidia kwa moyo mmoja kujicheleweshea faili la mama yake.

Katibu wa Baraza ni Bwana Mbwera, mtu mpole, anapenda kubisha hodi hata kwenye mlango ulio wazi. Asubuhi ya Kuhama, siku ya Mashine kuhamishiwa lugha mpya, alikuja mwenyewe.

"Hodi, Fundi."

"Karibu, Katibu."

Hakuketi. Alishika kofia kwa mikono miwili. "Saa sita mchana Mashine inazimwa, inawashwa tena kwa lugha yako. Alama tatu tunazo. Ya nne?"

"Bado haisomeki."

"Fundi. Ukiwapa watu lugha ya kufungua isiyo na kufunga, baada ya mwaka mmoja hakutakuwa na faili hata moja rafuni. Kila mtu atakuwa nyumbani amelikumbatia la mtu wake."

"Kuna ubaya gani?"

Aliizungusha kofia mikononi. "Na kila lililo wazi Mashine ikizimwa, litaanguka. Si mistari iliyoongezwa tu, faili zima. Mji mzima limebaki moja." Akavaa kofia. "Sijauliza la nani. Nimekuja kukwambia saa."

Alipoondoka nilifanya hesabu ya kipumbavu. Faili likianguka, Mwanatumu hatatangazwa kamwe. Hatakuwa hai wala marehemu, hatakuwa wa mtu mwingine yeyote, na mimi nitabaki peke yangu duniani ninayejua kwamba alikuwepo. Nakiri kwamba kwa pumzi mbili tatu jambo hilo lilinipendeza. Ndivyo upweke ulivyonifanya: niliona afadhali asiwepo kabisa kuliko awepo kwa wengine. Halafu nikakumbuka yule bwana harusi na sahani yake, jinsi alivyokula huku anawaangalia ndugu zake mmoja mmoja, akingoja hata mmoja amkonyeze.

Saa tano na nusu nikafungua kidirisha. Siwatu alikuwa msichana tena.

"Shikamoo, Fundi. Leo umechelewa."

"Marahaba." Niliusukuma ubao mbele yake. Sikuwa nimechora kitu kipya; ilibaki alama ya kwanza kabisa, ile ya kufungua. Nadhani nilitaka tu kumwona akisoma mara ya mwisho.

"Hii nilikwisha kuisoma."

"Isome tena."

Akainamisha kichwa. Mara akaichukua chaki kutoka mkononi mwangu, jambo ambalo desturi hairuhusu, lakini sikumzuia. "Hii ina pacha wake," alisema. "Nusu fremu ya huku, lazima iwepo nusu fremu ya kule. Mtu akiingia, si atatoka?" Akachora upande wa pili wa ubao: ] . Ilikuwa rahisi namna hiyo. Mtoto wa darasa la kwanza angeiona. "Fundi, umemficha wapi huyu miezi yote hii?"

Akaniangalia, akautazama ubao, akaniangalia tena, na usoni pake umri ukaanza kupanda, ishirini, thelathini, hamsini, kama mtu anayepanda ngazi na kila ngazi anaelewa zaidi.

"Faili la mama," alisema polepole.

"Ninalo mimi. Alikuwa mke wangu. Nimeshindwa kulifunga miaka kumi na moja."

"Sikuulizi miaka yako. Nauliza miezi yangu. Miezi tisa unanionyesha vijistari, na lilikuwa mkononi mwako?"

"Ndiyo."

"Nikikuamkia kila siku?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Usiniite hivyo."

Alikuwa na haki, kama yule wa kanga. Nilitaka kumweleza kuhusu mvua ya asubuhi ile, na mkono uliosita, na mistari. Nikaona maelezo yote yananihusu mimi. Saa ya ukutani ilionyesha dakika kumi na mbili kabla ya sita.

Nikavuta karibu vibonye vya Mashine, vile vyangu vya kujaribia, vinavyopokea alama mpya hata kabla ya Kuhama. Faili la Mwanatumu lilikuwa mbele yangu, wazi, kama lilivyokuwa kila alasiri, mahali pa mstari pakipepesa pakiningoja. Nilifikiri nitaandika neno la kumuaga. Nilitafuta kwa uaminifu. Miaka yote hiyo nilikuwa na mstari kila siku, na siku iliyohitaji mstari sikuwa nao. Nikabonyeza alama aliyoichora mwanawe.

]

Hakukuwa na kishindo. Mashine ilinguruma kidogo chini ya sakafu, ikachukua miaka kumi na moja kutoka mkononi mwangu, ikaiweka rafuni. Kule kaunta mhudumu akainua karatasi, akasoma kwa ile sauti yake ya kila siku, ya mtu anayesubiri chakula cha mchana: "Mwanatumu binti Sheha. Amefariki." Watu watatu wanne nisiowajua waliitikia, kila mmoja kwa dua yake. Nililia. Nililia kwa sauti, mbele ya foleni, jinsi nilivyotakiwa kulia siku ile ya mvua na sikulia kwa sababu nilikuwa bado nimeshika kazi.

Nilipopangusa macho, Siwatu alikuwa amekwisha kupewa faili. Alilifungua kwa kusoma, akasimama pale pale dirishani, kidole kikifuata mistari. Akafika mahali, akapumua. Uso wake ukatulia. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mwenye mvi chache juu ya sikio la kushoto na kovu dogo kidevuni ambalo miezi yote sikuwahi kuliona, kwa kuwa halikuwahi kukaa mahali pamoja. Aliendelea kusoma. Hakulia. Akapindua, akasoma, akapindua. Mahali fulani alitoa kicheko kifupi cha puani, nikadhani amefika kwenye jogoo.

Saa sita ikagonga. Mashine ikazimwa, ikawashwa, na faili halikuanguka, lilikuwa salama. Sikuwa na haki ya kuuliza lolote, lakini niliuliza.

"Amekutaja?"

Hakuinua macho. "Mara nyingi."

"Na mimi?"

Akarudi nyuma kurasa, mpaka mahali ambapo maandishi ya mama yake yanakwisha na yangu yanaanza. Akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho wa mama, mstari uliokuwa hapo, juu kidogo tu ya wa kwangu wa mvua, kila alasiri ya miaka kumi na moja. Akanisomea kwa sauti ya kawaida, bila kunionea huruma wala kunikomoa:

"Mume wangu hasikii akiwa kazini, kwa hiyo naandika. Mwanangu Siwatu akija, asiulizwe anataka nini. Atakuwa amechoka. Apewe kiti."

Chumbani mwangu kuna kiti kimoja, na nilikuwa nimekikalia.

Nikasimama.